Lipo, lakini tangu lini? Kisa cha vioo vya magari vya Seattle, 1954

Alhamisi jioni, tarehe 15 Aprili 1954, meya wa Seattle, Allan Pomeroy, alitangaza kwamba jambo lililoukumba mji wake si la polisi tena. Akamwomba msaada gavana wa jimbo la Washington, Arthur Langlie, na ombi hilohilo likaenda hadi kwa Rais Dwight Eisenhower. Mtu hakufa wala nyumba haikuungua. Malalamiko yalihusu vishimo kwenye vioo vya mbele vya magari: vingi vidogo, vya kuonekana ukiinama na kuutegea mwanga, na vingine, kwa maelezo ya wenye magari, vimekua vikawa kama povu ndani ya kioo, ukubwa wa ukucha wa dole gumba.

Jumapili tarehe 18, siku ya Pasaka, polisi hawakupokea simu hata moja ya vishimo, na hazikuja tena. Hakuna aliyekamatwa. Hakuna kilichozimwa. Vioo vilikuwa vilevile na vishimo vyake vilevile, ila watu walikuwa wameacha kuviona.

Kisa hiki hupenda kusimuliwa kama kichekesho, nami kwa mara ya kwanza nilikicheka. Nilipokirudia nikaona kwamba kicheko kinaficha sehemu yenye mafunzo zaidi. Uvumi mwingi tunaoujua husimama juu ya kitu ambacho msimulizi mwenyewe hakukiona. Alikiona jirani wa binamu yake. Seattle ilikuwa kinyume. Kila aliyepiga simu alikuwa na kioo chake, na kishimo kilikuwepo kweli. Ungeweza kwenda ukakigusa kwa kidole. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa vioo vya Seattle lilikuwepo. Walichokosa kuuliza wengi, na ndicho nitakachokifuata katika uchambuzi huu, ni swali dogo ambalo methali hiyo hailigusi: lipo tangu lini?

Tuanze na jinsi habari ilivyosafiri, maana njia yake ndiyo nusu ya kisa. Kuanzia tarehe 23 Machi magazeti ya Seattle yalichapa mara moja moja taarifa za vioo vilivyoharibiwa huko Bellingham, mji ulio kilomita 130 hivi upande wa kaskazini. Polisi wa huko walihisi ni vijana wahuni na bunduki za upepo, lakini hawakupata ushahidi. Kwa msomaji wa Seattle hiyo ilikuwa habari ya watu wa mbali, ya kusoma ukigeuza ukurasa.

Asubuhi ya Jumatano tarehe 14 Aprili magazeti yaliripoti kwamba mambo hayohayo yametokea Anacortes, kama kilomita 105 kutoka Seattle. Safari hii kulikuwa na vituko vya kusisimua: polisi walikuwa wameweka vizuizi barabarani karibu na daraja la Deception Pass wakitumaini kuwanasa wahalifu. Mchana wa siku hiyo ikasikika kwamba magari yamepigwa vishimo ndani ya kituo cha ndege cha Jeshi la Wanamaji kisiwani Whidbey, kilomita 70 na kitu tu kutoka ukingo wa kaskazini wa mji. Askari waliukagua uwanja wa kituo na hawakumkuta mtu. Jioni hiyohiyo simu zikaanza kulia polisi Seattle.

130, 105, 70, kisha mlangoni. Ukiziweka tarakimu hizi kwenye ramani unapata picha ya kitu kinachoteremka kusini kwa kasi inayoongezeka, na ndivyo mtu yeyote mwenye akili timamu angeisoma. Lakini tunachokiona kwenye ramani hiyo ni mahali ambapo watu waliambiwa watazame vioo vyao, kwa utaratibu walioambiwa. Bellingham walitazama kwanza, Anacortes wakasikia ya Bellingham wakatazama, Whidbey wakasikia ya Anacortes. Kilichoteremka kusini ni habari. Kama kungekuwa na gazeti lililowafikia watu wa kusini kwanza, uharibifu ungepanda kaskazini.

Sasa hesabu. Kati ya jioni ya tarehe 14 na siku ya tarehe 15, watu 242 walipiga simu polisi wa Seattle wakiripoti uharibifu wa magari zaidi ya 3,000. Tarakimu ya pili ndiyo inayosimuliwa sana, na inatisha. Igawanye kwa ya kwanza: kila mpiga simu aliripoti magari 12 hivi. Mtu wa kawaida hana magari 12. Simu nyingi zilitoka kwenye maegesho ya kulipia, vituo vya mafuta na mahali pengine pa namna hiyo, ambapo mtu mmoja akizunguka na tochi kwa nusu saa anaweza kurudi na orodha ya magari hamsini ambayo wenyewe wako kazini na hawajui lolote. Hakuna udanganyifu hapo. Lakini msomaji anaposikia "magari 3,000" anaona akilini mwake wenye magari 3,000 walioshtuka, kumbe walioshika simu hawakufika 250.

Na mji wenyewe? Kwa sensa ya 1950 Seattle ilikuwa na watu 467,591. Hata tukitoa watoto na wasio na magari, waliopiga simu ni punje katika gunia. Wapo waliosoma, wakashuka kutazama kioo, wasione kitu, wakapanda juu kulala. Hao hawakuhesabiwa, maana hakuna anayepiga simu polisi kutoa taarifa kwamba kioo chake ni kizima. Wapo walioona kishimo wakasema ni kokoto ya barabarani; nao hawakupiga. Simu ilikuwa mlango ambao upande mmoja tu wa maoni uliweza kupita, na kilichopita mlangoni humo ndicho kilichoitwa kesho yake "mji mzima".

Nataka nikae kidogo na mtu mmoja kati ya wale 242, wa kukisia, maana hapo ndipo penye utamu na pia uchungu wa jambo hili. Amerudi kazini. Amesoma gazeti la jioni, au ameambiwa na mwenzake. Anashuka kwenda kwenye gari lake. Kwa miaka yote aliyoliendesha, macho yake yamefundishwa kukipita kile kioo na kwenda mbali: barabara, taa za gari la mbele, mtoto anayevuka. Kioo cha mbele kimetengenezwa kisionekane. Ukikiona maana yake kimechafuka, unakipangusa. Leo kwa mara ya kwanza ameinama, ameweka jicho sentimita ishirini kutoka kwenye kioo, na anakikagua kama sonara. Anaona kishimo, kisha cha pili, kisha, alipobadilisha upande wa mwanga, vitano zaidi.

Anachokijua kwa hakika ni kwamba hajawahi kuviona. Kinachomtoka mdomoni ni kwamba havikuwepo.

"Sikukiona" na "hakikuwepo" ni sentensi mbili, na umbali uliopo kati yake ndio uliompeleka meya kwa Rais. Si kwamba mtu huyu ni mjinga. Kumbukumbu haina daftari la vitu ambavyo hatukuvitazama. Ukiiuliza kuhusu kishimo cha mwaka jana inakujibu "hapana" kwa sauti ileile ambayo ingekujibu kama kishimo kweli hakikuwepo. Mwenye macho haambiwi tazama, tunasema. Hapa wenye macho waliambiwa watazame, wakatazama, wakaona, na kule kuona ndiko kulikowaponza.

Nadhani hata zile taarifa za vishimo "vinavyokua" zinaeleweka kwa njia hiyo. Mtu anayetazama mara ya pili hutazama kwa makini kuliko mara ya kwanza. Jioni alihesabu saba. Asubuhi, kwa jua la pembeni, akahesabu kumi na tisa. Kwake usiku umeongeza kumi na mbili.

Naweza kulisema hili kwa uhakika kwa sababu nililifanya. Nilipomaliza kusoma kisa hiki nilikwenda kwenye gari la miaka tisa ninaloliendesha kila siku, nikainama kama mganga. Nilifika kishimo cha ishirini na tatu nikaacha kuhesabu. Kimoja kilikuwa mbele kabisa ya uso wangu ninapokaa kwenye usukani. Siwezi kuapa kilianza lini. Kama siku hiyo kungekuwa na habari ya kitu kinachodondoka kutoka angani, sijui ningekwenda kulala na tafsiri ipi.

Na mwaka 1954 habari hiyo ilikuwepo. Hapa ndipo wanaokicheka kisa hiki huruka haraka mno.

Tarehe 1 Machi Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye kisiwa cha Bikini, katika Bahari ya Pasifiki. Mlipuko ulifikia megatoni 15, zaidi ya maradufu ya uliotarajiwa. Majivu meupe yaliwadondokea mabaharia 23 wa mashua ya uvuvi ya Japani, Daigo Fukuryu Maru, waliokuwa wakivua mbali na hapo, wakaugua. Katikati ya Machi habari yao ilikuwa imeenea duniani. Tarehe 31 Machi Lewis Strauss, mwenyekiti wa Tume ya Nishati ya Atomiki, alipobanwa na waandishi wa habari alikubali kwamba bomu la namna hiyo linaweza kutengenezwa kubwa kiasi cha kuuangamiza mji wowote. Wiki mbili baadaye, katika mji wa pwani ya bahari hiyohiyo, watu wanaambiwa kuna kitu kinachotoboa vioo na polisi hawajui ni nini.

Nani angemlaumu mtu kwa kuunganisha mambo hayo mawili? Majivu yaliyoanguka kwa wavuvi wale hayakuwa uvumi. Mmoja wao, Aikichi Kuboyama, alikufa Septemba mwaka huo. Serikali haikuwa imewaambia watu kila kitu, nao walilijua hilo. Basi dhana iliyoshika kuliko zote Seattle ikawa vumbi la nyuklia, hasa baada ya baadhi ya madereva kusema wameokota juu ya vioo punje ndogo, nyeusi, za kung'aa kama chuma, ukubwa wa kichwa cha pini. Zilikuwepo dhana nyingine: mawimbi ya kituo kipya cha redio cha Jeshi la Wanamaji huko Jim Creek, chenye nguvu ya zaidi ya wati milioni moja, vumbi la vimondo, miale ya kutoka angani. Na moja ambayo sijaweza kuisahau, ya viroboto wa mchangani waliotaga mayai ndani ya kioo, na povu lile ni mayai yanayoanguliwa. Hiyo ya mwisho nakubali tuicheke.

Zile punje nyeusi zilipochunguzwa zikaonekana ni masalia ya makaa ya mawe yasiyoungua vizuri, takataka ya kawaida ya hewa ya mji wenye mabomba ya moshi. Hazikuwa na uwezo wa kutoboa kioo. Tena zilikuwa zikidondoka pale kwa miaka. Ni swali letu lilelile kwa mara ya pili: zipo, ndiyo, lakini tangu lini? Mwenye gari alikuwa amekwisha kupata vitu viwili vya kweli, kishimo na punje, vilivyokaa pamoja juu ya kioo kimoja. Akili ya binadamu ikipewa vitu viwili vya kweli mahali pamoja, huona kimoja kimezaa kingine. Jibu la maabara lilihitaji siku. Ndoa ya kishimo na punje ilifungwa kwa dakika moja kwenye maegesho.

Waliosimama na kusema "ngojeni" walikuwepo tangu mwanzo. Magazeti yenyewe yalichapa maelezo kwamba huenda watu wanakitazama kioo kwa mara ya kwanza badala ya kutazama kupitia kioo. Nasisitiza hili kwa sababu tumezoea kusema kwamba watu hupotoka kwa kukosa taarifa sahihi. Taarifa sahihi ilikuwepo, kwenye karatasi ileile, wino uleule. Ila fikiria inavyomtaka msomaji afanye. Dhana ya bomu inamtaka akubali kwamba ameonewa. Maelezo ya vioo yanamtaka akubali kwamba ameendesha gari miaka sita bila kukiona kilichoko sentimita sitini kutoka puani mwake. Ya kwanza unaweza kumsimulia jirani ukiwa umeshika kiuno. Ya pili unaikubali peke yako, usiku, kimyakimya, na huipigii simu gazeti.

Sajenti Max Allison wa maabara ya uhalifu ya polisi wa Seattle alikata shauri kwamba taarifa zile zilikuwa asilimia 5 uhuni na asilimia 95 kiherehere cha umma. Kauli hiyo imependwa na kila anayesimulia kisa hiki. Mimi ina vitu viwili vinavyonikera. Kwanza, hizo asilimia hazikupimwa. Ni namna ya kusema tu, iliyovaa koti la takwimu. Mtu anayewaambia wengine wasiamini kwa kuona juujuu angekuwa mwangalifu zaidi na tarakimu zake. Pili, hicho kiherehere kiko wapi? Watu wa Seattle walifanya nini hasa? Walipiga simu polisi. Walifunika vioo kwa magazeti na kwa mazulia ya kukanyagia. Wengine waliliacha gari gerejini wakapanda basi. Hakuna aliyekanyagwa, hakuna duka lililovunjwa, hakuna mgeni aliyepigwa kwa kushukiwa. Hayo ni matendo ya mtu aliyepewa taarifa mbaya na akachukua hadhari ya bei nafuu. Ukiyaita wazimu umejiondolea kazi ya kueleza jinsi watu wenye akili zao walivyofika pale.

Kwa kulinganisha, mjini Mattoon, jimboni Illinois, Septemba 1944, watu waliripoti mtu asiyejulikana anayepuliza gesi ya kulegeza miguu kupitia madirishani, na hakupatikana mtu wala gesi. Pale ungeweza kubishana kama kulikuwa na kitu chochote. Seattle huwezi kubishana na kishimo. Ndiyo maana nasema ya Seattle ni ngumu zaidi, ingawa inaonekana nyepesi.

Nirudi kwa meya. Ni rahisi kumfanya kikaragosi, lakini jiweke kwenye kiti chake Alhamisi ile. Simu 242 kwa siku moja. Kituo cha jeshi kimeshindwa kumpata mhusika. Akinyamaza ataambiwa anaficha, na katika mwezi ule neno "wanaficha" lilikuwa na msingi. Akisema, kauli yake itakuwa habari kubwa kuliko vishimo vyenyewe. La mgambo likilia kuna jambo. Mjumbe akienda hadi kwa Rais, nani tena atasema ni kokoto? Alichagua kusema. Silaumu kwamba aliomba wataalamu, kwani ndiyo njia iliyoleta jibu. Kosa lake, kwa maoni yangu, lilikuwa katika kuyapokea maelezo ya umma yakiwa na jibu tayari ndani yake. Alipozungumzia uharibifu "ulioenea" kutoka kaskazini hadi kwake, neno lile moja lilikuwa limeshakubali kwamba kuna kitu kinachotembea. Angesema "taarifa za uharibifu zimeenea" angekuwa amesema ukweli mtupu. Tofauti ni neno moja, na neno hilo ndilo lililohitaji kuchunguzwa.

Gavana aliwageukia wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Washington. Kamati yao ilipoyatazama magari ilifika kwenye hitimisho ambalo halikumfurahisha mtu: uharibifu umekuzwa, na sehemu kubwa yake ni matokeo ya kuendesha gari kwa kawaida, vijiwe na changarawe kupiga kioo. Magari ya zamani yalikuwa na vishimo zaidi kuliko mapya.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ufunguo wa kesi yote, na ingeweza kupatikana Jumatano jioni bila shahada ya fizikia. Kitu kinachodondoka kutoka angani hakichagui gari la mwaka gani. Weka gari la miaka minane na gari jipya katika maegesho yaleyale usiku uleule; kama adui ni wa juzi, yatachubuka sawa. Kama adui ni barabara, la zamani litakuwa na miaka minane ya vishimo na jipya halitakuwa na kitu. Tena kuna swali ambalo mtu angeweza kujiuliza bila hata kutoka nyumbani: malalamiko mengi yanahusu kioo cha mbele, yaani upande wa gari unaokutana na barabara kwa kasi. Je, dirisha la chumbani kwangu lina vishimo?

Mwandishi mmoja, daftari moja, saa moja kwenye yadi ya magari ya kuuza, safu mbili: umri wa gari, idadi ya vishimo. Hiyo ingekuwa habari ya ukurasa wa kwanza yenye uzito kuliko zote zilizochapwa wiki ile. Iliyochapwa ilihesabu simu, kwa sababu simu zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa na polisi na zilipatikana bure. Sisemi hivi kwa kuwakejeli wahariri wa zamani. Ni tabia ya kazi yenyewe: malalamiko huja yenyewe mlangoni, ulinganisho ni lazima uufuate.

Baadaye wanasosholojia wawili, Nahum Medalia na Otto Larsen, waliwauliza wakazi wa Seattle kwa simu juu ya tukio hilo, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo katika jarida la American Sociological Review. Walijiuliza swali ambalo wengine hawakujiuliza: kwa nini liliisha haraka hivyo? Takwimu za polisi zinashangaza kweli: simu 242, kesho yake 46, kesho yake 10, kisha sifuri. Pendekezo lao, kwa ufupi, ni kwamba vishimo viliwapa watu pumzi. Walikuwa na hofu kubwa isiyo na umbo juu ya mabomu. Ikapata mahali padogo pa kukaa, kwenye kioo cha gari. Na vioo vilipotoboka ikawa kama kwamba lile baya lililongojewa limekuja, limepita, na limeondoka na kioo tu.

Ni dhana nzuri, na inaeleza kwa nini watu hawakudai majibu zaidi baada ya Pasaka. Lakini kuhusu kasi ya kuisha, nina maelezo makavu zaidi. Kioo kimoja kinaweza kugunduliwa mara moja tu. Kwa siku mbili kila mwenye gari mjini aliyekuwa na hamu ya kutazama alikwisha kutazama. Waliopata vishimo walikwisha kuripoti. Asubuhi ya Ijumaa vishimo vyao havikuwa vipya tena, vilikuwa vile vya jana. Hifadhi ya vioo visivyowahi kutazamwa ilikuwa imekwisha, kama kuni zinavyoisha jikoni, na moto ukazimika bila mtu kuumwagia maji. Kisha ikaja wikiendi ya Pasaka, na magazeti nayo yalikuwa na mambo mengine ya kuandika.

Kama maelezo haya ni sahihi, basi kuna jambo lisilopendeza ndani yake: kuisha kwa simu hakukuwa na maana kwamba watu wamebadili mawazo. Yule mtu wetu wa kukisia huenda aliendelea kuamini bomu hadi mwisho wa maisha yake. Hakuwa tu na kitu kipya cha kuripoti. Polisi wakaona sifuri, wakafunga jalada, na ule ukimya ukahesabiwa kuwa ni kukubali, kwa mlango uleule wa upande mmoja uliohesabu kelele kuwa ni mji mzima.

Namuona Jumapili ile asubuhi, amevaa nguo za kanisani, anabandua gazeti la Alhamisi alilolifunika juu ya kioo. Umande umeligandisha, linatoka vipande vipande, wino umeacha alama za herufi zilizogeuka. Anachukua kitambaa, anapangusa. Kishimo kiko palepale, mbele ya usukani. Anawasha gari, anatoka kwenye njia ya nyumba yake, na kabla hajafika kona ya kwanza macho yake yamekwisha kukipita.